William James: kama kweli ni kile kinachofaa, je, uongo unaomfaa mtu?

Swali la msomaji: "Ninafundisha sekondari huku nikisoma shahada ya ualimu kwa masafa. Katika kozi ya saikolojia tuliambiwa William James ni mwanzilishi wa saikolojia ya Marekani. Katika falsafa ya elimu tukaambiwa ni mwanapragmatizimu aliyesema kwamba kweli ni kile kinachofaa. Je, ni mtu yuleyule? Na kama ndivyo alivyosema, si mtu anaweza kuuita uongo wowote kweli mradi unamfaa? Nianze na kitabu kipi?"

Jibu:

Ndiyo, Mwalimu, ni mtu yuleyule. Nitaanza na maisha yake, kwa sababu ukimsoma James mwanafalsafa bila kumjua James mwalimu wa fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, ile sentensi kuhusu kweli itakuchenga. Wengi imewachenga, wakiwemo wanafalsafa wakubwa wa zama zake.

Alizaliwa New York tarehe 11 Januari 1842. Babu yake, mhamiaji kutoka Ireland, alikuwa ameacha mali nyingi, hivyo baba yake hakulazimika kutafuta riziki. Aliandika vitabu vya dini na kuwahamisha watoto wake shule baada ya shule: Geneva, London, Paris, Boulogne, Bonn. Mdogo wake, Henry, ndiye mwandishi mashuhuri wa riwaya, na dada yao Alice anakumbukwa kwa shajara yake. William alitoka katika malezi hayo akijua vizuri Kifaransa na Kijerumani, ila hajui afanye kazi gani. Alijifunza uchoraji huko Newport, akaacha. Mwaka 1861 aliingia Harvard kusoma kemia, akahamia anatomia, na mwaka 1864 akaanza udaktari. Mwaka 1865 alikwenda Brazil na msafara wa Louis Agassiz kukusanya samaki wa Amazon, akaugua huko. Mwaka 1867 alikwenda Ujerumani kutafuta nafuu ya afya na kufuatilia fiziolojia mpya ya neva. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1869, lakini hakuwahi kuifanya kazi hiyo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya giza. Mgongo ulimuuma, macho yalichoka, na alizama katika huzuni nzito. Sehemu ya mateso hayo ilitokana na swali ambalo mwanafunzi yeyote wa fiziolojia hulikuta: kama kila tendo ni mwendo wa neva unaofuata sheria za maumbile, utashi wangu unafanya kazi gani? Tarehe 30 Aprili 1870 aliandika katika shajara kwamba amemsoma Mfaransa Charles Renouvier, anayeeleza utashi huru kuwa ni kulishikilia wazo kwa sababu umechagua kulishikilia, ilhali ungeweza kuwa na mawazo mengine. Akaamua kwamba tendo lake la kwanza la utashi huru litakuwa kuamini kwamba utashi huru upo.

Vitabu vya kiada husimulia tukio hili kana kwamba alipona siku hiyo. Hakupona, maradhi yalimfuata kwa miaka. Kinachotuhusu ni namna alivyoamua. Hoja za pande zote mbili zilikuwa zimegota, na kukaa bila kuamua nako kulikuwa uamuzi. Akachagua upande mmoja, akaanza kuishi kwa huo, akaangalia maisha yatamjibu nini. Utaikuta hatua hiyohiyo katika karibu kila kitabu alichoandika baadaye.

Katika mwaka wa masomo wa 1872–73 alianza kufundisha fiziolojia na anatomia Harvard. Mwaka 1875 alifundisha somo lake la kwanza la saikolojia na kupata chumba kidogo cha vifaa vya majaribio. Hapo pana mtego wa mtihani: chumba hicho kilikuwa cha kuwaonyesha wanafunzi majaribio, ndiyo maana vitabu vingi humpa Wilhelm Wundt wa Leipzig, 1879, heshima ya maabara ya kwanza ya utafiti. Cheo chake chenyewe kilihama: profesa wa falsafa mwaka 1885, wa saikolojia mwaka 1889, na tena wa falsafa mwaka 1897. Kwa hiyo kozi zako zote mbili zimesema sawa.

Mwaka 1878 alioa Alice Howe Gibbens, na mwaka huohuo alitia saini mkataba na mchapishaji Henry Holt wa kuandika kitabu cha saikolojia kwa miaka miwili. Kilimchukua miaka kumi na miwili. The Principles of Psychology kilitoka mwaka 1890: juzuu mbili, sura 28, takriban kurasa 1,400. Mwaka 1892 alikifupisha kwa ajili ya madarasa, na wanafunzi wakakiita kikubwa "James" na kidogo "Jimmy".

Kwako wewe uliye darasani, katika kitabu hicho kikubwa sura ya kuanza nayo ni ya nne, inayohusu mazoea. Kwa Kiswahili neno "tabia" hubeba mambo mawili, mwenendo wa mtu na vitendo anavyovirudia, kwa hiyo mimi huandika "mazoea" kwa hivyo vya pili. Anachosema James ni kwamba mazoea ni njia iliyochimbwa katika neva, kama maji yanavyochimba mfereji: mara ya kwanza yanahangaika, mara ya pili yanafuata palepale. Wahenga wetu walisema kawaida ni kama sheria. James anataka kujua sheria hiyo imeandikwa wapi, na jibu lake ni kwamba imeandikwa mwilini.

Kutoka hapo anatoa kanuni za kazi, mbili za kwanza akimfuata Mskoti Alexander Bain. Ukianza zoea jipya, anza kwa nguvu zote: tangaza mbele za watu, panga mazingira yakulazimishe, jifungie njia ya kurudi. Usiruhusu hata mara moja ya kuvunja mpaka zoea limeota mizizi. Hapa mfano wake ni wa mtu anayeviringa donge la uzi: likimdondoka mara moja, mizunguko inayofumuka ni mingi kuliko aliyoviringa kwa muda mrefu. Kanuni ya tatu ni yake mwenyewe: azimio lolote jema litende katika nafasi ya kwanza inayojitokeza, kwa sababu neva hujifunza kwa kutenda, si kwa kukusudia. Kisha anaongeza kwamba kila siku moja au mbili ufanye jambo dogo usilolipenda, bila sababu nyingine, ili uwezo wa kujikaza usilale. Anamtaja mlevi mmoja aliyemo katika mchezo wa kuigiza, ambaye kila anapokunywa husema "hii siihesabu". Yeye anaweza asiihesabu, anasema James, na Mungu mwenye huruma anaweza asiihesabu, lakini chini kabisa, ndani ya chembe za neva, inahesabiwa.

Kosa la kawaida katika kuzitumia kanuni hizi ni kuishika ya pili na kuiacha ya kwanza. Mwanafunzi anaapa hatakosa hata siku moja kujisomea, lakini hajabadilisha saa, mahali wala simu iliyo pembeni yake. Siku ya nne anavunja, anajiona hana nia, anaacha kabisa. Kwa mpango wa James, nia ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na kazi ya mwanzo ni kuipunguzia mzigo. Tena, ukisikia kwamba James alisema zoea hujengeka kwa siku 21, usiandike, hakusema. Alichosema ni kwamba kwa wengi wetu, kufikia umri wa miaka 30, tabia imekwishaganda kama plasta. Hapo naona alikaza mno, kwa kuwa watu hubadilika hata wakiwa wazee. Lakini mwalimu anayekumbuka samaki mkunje angali mbichi ataelewa alichokuwa akikikimbilia.

Jaribio moja unaweza kulifanya darasani kesho. Limo katika Talks to Teachers on Psychology, kitabu cha 1899 kilichotokana na mihadhara kwa walimu wa Cambridge, Massachusetts, kuanzia 1892. Weka nukta moja ya wino kwenye karatasi, uwaambie wanafunzi waitazame bila kuwaza kingine. Baada ya muda mfupi nukta inafifia au akili imekwenda zake. Sasa waulize maswali mfululizo: ina ukubwa gani? Iko umbali gani? Kingo zake zimenyooka? Rangi yake ni nyeusi au ina ukijivu? Nukta ni ileile, lakini wanaendelea kuiona. James anahitimisha kwamba usikivu wa kujilazimisha haudumu zaidi ya sekunde chache kwa mara moja. Kinachoonekana kuwa usikivu mrefu ni kurudi na kurudi tena, na akili hukubali kukaa pale tu panapotokea kitu kipya. Kumwambia mtoto "sikiliza!" kunamrudisha kwa sekunde hizo chache, swali jipya ndilo linalombakisha.

Nadharia yake ya hisia, aliyoichapisha mwaka 1884, nayo itakuja kwenye mtihani. Kwa kawaida tunasema tumeona simba, tumeogopa, ndipo tukatetemeka. James anageuza: tumeona, mwili umetetemeka, na kuusikia mtetemo huo ndiko tunakokuita woga. Carl Lange wa Denmark alifikia wazo la karibu mwaka 1885, ndiyo maana huitwa nadharia ya James na Lange. Walter Cannon aliikosoa vikali mwaka 1927 kwa hoja hizi kati ya nyingine: mabadiliko ya viungo vya ndani hufanana katika hisia tofauti, viungo hivyo ni vizito kuitika kuliko hisia zenyewe, na wanyama waliokatiwa mawasiliano ya viungo hivyo na ubongo waliendelea kuonyesha hasira. Ukiulizwa, toa pande zote mbili.

Sasa tuje kwenye kweli. Kwanza jihadhari na neno: katika isimu ya Kiswahili "pragmatiki" ni taaluma ya maana ya maneno katika muktadha. Falsafa hii ni kitu kingine, ndiyo maana naandika "pragmatizimu". Wazo lilitoka kwa rafiki yake Charles Sanders Peirce, aliyeandika mwaka 1878 kwamba ukitaka kujua maana ya dhana, angalia ina athari gani za kivitendo tunazoweza kuzifikiria. James alilitangaza jina hilo katika mhadhara wa Berkeley mwaka 1898, akimtaja Peirce kuwa mwenyewe. Mihadhara aliyoitoa Boston na New York majira ya baridi ya 1906–07 ikawa kitabu, Pragmatism, 1907.

Mhadhara wa pili unaanza na kindi. Kindi amejishika kwenye shina la mti, na mtu anauzunguka mti ili amwone. Kila mtu anaposogea, kindi naye anasogea upande wa pili, shina likiwa kati yao daima. Mtu ameuzunguka mti, hilo halina ubishi. Je, amemzunguka kindi? Kundi zima lilikuwa limegawanyika nusu kwa nusu. James akawaambia: kama kuzunguka maana yake ni kuwa kaskazini yake, kisha mashariki, kusini na magharibi, amemzunguka. Kama maana yake ni kuwa mbele yake, kisha ubavuni, mgongoni na ubavu wa pili, hakumzunguka, kwa sababu kindi amemwelekezea tumbo muda wote. Ukishasema tofauti hiyo, hakuna kilichobaki cha kubishania. Hiyo ndiyo njia yenyewe: kwa kila mabishano uliza, upande huu ukiwa sahihi, kuna tofauti gani itakayoonekana mahali fulani kwa mtu fulani? Kama haipo, mnagombania maneno.

Mhadhara wa sita ndio wa kweli. Kwa James, kweli ni sifa ya mawazo, si ya vitu. Wazo ni kweli likikuongoza vizuri hadi kwenye kile linachokisema. Mfano wake: umepotea msituni una njaa, unakuta kijia kinachoonekana kuwa cha ng'ombe. Unawaza kuna nyumba mwisho wake, unakifuata, unaikuta. Wazo lako limethibitishwa. Unaweza kusema lilikufaa kwa sababu ni kweli, au lilikuwa kweli kwa sababu lilikufaa. Kwake kauli hizo mbili zinataja tukio moja. Lakini ona kwamba nyumba ilibidi iwepo. Hamu yako ya kula isingeijenga.

Na mambo tusiyoyathibitisha wenyewe? Anasema kweli nyingi huishi kwa mkopo, kama noti za benki zinavyopita mikononi mradi hakuna anayezikataa. Tunaamini Japani ipo bila kufika. Lakini lazima mahali fulani mtu awe ameshuhudia ana kwa ana, kwani bila hivyo mfumo mzima wa kweli huporomoka kama mfumo wa fedha usio na akiba ya taslimu.

Sentensi iliyofika darasani kwenu inatoka hapo, nayo imekatwa. James anaandika kwamba kweli ni kile tu kinachofaa katika njia ya kufikiri kwetu, kama haki ilivyo kile tu kinachofaa katika njia ya kutenda kwetu. Wengi huishia hapo. Yeye anaendelea palepale: kinachofaa kwa muda mrefu na kwa ujumla wake, kwa sababu kinachotosheleza uzoefu wa leo si lazima kitosheleze wa kesho. Zaidi ya hapo, katika mhadhara huohuo anaweka mambo matatu yanayolibana wazo lolote: matukio halisi yanayoonekana, mahusiano kama ya hesabu, na kweli zote tulizokwisha kuwa nazo. Wazo jipya lazima lipite katikati ya hayo yote, na James anasema ole wake anayecheza na mpangilio wa mambo yalivyo.

Basi uongo unaomfaa mtu haupiti. Fundi anayeamini umeme umekatwa anafanya kazi kwa utulivu, na imani hiyo inamfaa hadi koleo liguse waya.

Hata hivyo usimtetee kupita kiasi. Yeye mwenyewe aliwapa wakosoaji upenyo, hasa katika mhadhara wa pili, anapokubali kwamba wazo la kidini linalompa mtu faraja ni kweli "kwa kiasi hicho". G. E. Moore alijibu kwamba ziko imani zenye manufaa zisizo kweli, na kweli zisizo na manufaa. Bertrand Russell aliuliza utajuaje kama imani ina manufaa, maana kulipima hilo mara nyingi ni kugumu kuliko kujua kama ni kweli. Peirce naye, alipoona wazo lake limekwenda mbali, mwaka 1905 alibadilisha jina la falsafa yake, akachagua neno baya la kutosha ili lisiibiwe. Kwa maoni yangu Peirce alikuwa na haki: njia ya kupima maana na nadharia ya ukweli ni vitu viwili, na James alivifunga katika mtumba mmoja. Aliwajibu wakosoaji wake katika The Meaning of Truth, 1909, na hakuna anayepaswa kumhukumu kabla ya kukifungua.

Insha yake ya 1896, The Will to Believe, huleta kosa jingine la mitihani: wanafunzi huandika kwamba inaruhusu kuamini chochote unachotaka. Aliiandika kumpinga W. K. Clifford, aliyesema ni kosa daima kuamini bila ushahidi wa kutosha. James anaweka masharti, na sharti likikosekana ruhusa haipo. Uchaguzi lazima uwe hai, yaani pande zote ziweze kukugusa. Anawaambia wasikilizaji wake Wamarekani kwamba kumwamini Mahdi kwao ni wazo lililokufa, lakini kwa Mwarabu liko hai, hata kama si mfuasi wake. Lazima uwe wa kulazimika: "toka na mwavuli au bila mwavuli" haulazimishi, unaweza kubaki ndani. Lazima uwe mzito, wa nafasi isiyorudi. Na juu ya yote, liwe jambo ambalo akili haiwezi kuliamua kwa ushahidi. Kama dawa fulani inatibu malaria au haitibu hakumo humo, hilo hupimwa.

The Varieties of Religious Experience, 1902, ni mihadhara 20 aliyoitoa Edinburgh moyo wake ukiwa tayari mgonjwa. Katika mihadhara ya 6 na 7 kuna maelezo ya mtu aliyeshikwa na hofu ya ghafla, ambayo James anadai ni ya Mfaransa. Baadaye alikiri yalikuwa yake mwenyewe. Wasomaji wa pwani watafurahia mihadhara ya 16 na 17 kuhusu mafumbo ya kiroho, ambamo anamnukuu kwa kirefu Imam Ghazali: kujua ulevi ni nini si kulewa, na kujua afya ni nini si kuwa mzima. James aliona humo hoja yake mwenyewe, kwamba uzoefu una kitu ambacho maelezo hayakichukui.

Alistaafu mwaka 1907 na kufariki Chocorua, New Hampshire, tarehe 26 Agosti 1910, akiwa na miaka 68. Essays in Radical Empiricism kilitoka baada yake, mwaka 1912. Usianze nacho.

Anza na Talks to Teachers, sura ya 8 ya mazoea na ya 11 ya usikivu. Ni jioni moja. Kisha mhadhara wa 2 na wa 6 wa Pragmatism, kwa mfuatano huo, kwani wa sita bila wa pili ndio unaozaa sentensi iliyokatwa. Baada ya hapo The Will to Believe, ukiwa na kalamu ya kuandika masharti pembeni. Principles kifungue kwa sura ya 4 ya mazoea, ya 9 ya mkondo wa fikra na ya 25 ya hisia. Kukisoma mfululizo tangu ukurasa wa kwanza ndiko kunakowashinda wengi, wakakwama kwenye sura za ubongo ambazo ndizo zilizochakaa zaidi. Vyote hivi haki miliki zake zimekwisha, hivyo vinapatikana bure mtandaoni kwa Kiingereza. Tafuta nakala kamili yenye namba za sura, si mkusanyo wa nukuu. Mikusanyo hiyo humbandikia maneno asiyoyasema, likiwemo lile la kwamba tunatumia asilimia kumi tu ya ubongo. Katika The Energies of Men, 1907, alisema tunatumia sehemu ndogo ya uwezo wetu, asilimia hakutaja.